Kadi ya Augie Belko Iliyokutwa Mfukoni mwa Wendell Oakes

KITUO CHA POLISI CHA HARLAN FERRY, PENNSYLVANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Emil Joseph Vavrek
Umri: Miaka 78
Kazi: Mstaafu. Zamani fundi wa tanuri, kiwanda cha chuma cha Harlan
Makazi: Nyumba namba 14, Mtaa wa Cinder
Tarehe: Jumamosi, 12 Novemba 2022, saa nane mchana
Kuhusu: Kukamatwa kwa Wendell Oakes, nyumba namba 18, mtaa huohuo

Mimi Emil Vavrek ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu, na goti langu la kushoto mji mzima unalijua. Kusoma ninasoma kidogo, kuandika ndiyo shida, kwa hiyo anayeandika ni Koplo Janelle Ruffner, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asiyapige pasi maneno yangu. Babu yake kazi ya tanuri nilimfundisha mimi. Akaulize kwao.

Kwanza kabisa andika kwamba ninamshukuru Wendell Oakes. Koplo ameniambia hapa tunaandika mambo yaliyotokea, shukrani si jambo lililotokea. Nimemwambia limetokea, tena limetokea leo, tena kwangu si jambo la kila siku. Ameandika.

Wendell ni jirani yangu tangu enzi za mke wangu. Alikuwa akipeleka barua mpaka alipostaafu. Sasa anauza kadi za zamani za wachezaji wa besiboli, na Jumamosi anaweka meza yake kwenye ukumbi wa zimamoto, pale tunapokunywa kahawa. Kadi hizo tulipokuwa watoto zilikuja ndani ya pakiti ya chingamu, senti tano. Ulitafuna chingamu, kadi ukaibana kwa kibanio cha nguo kwenye spoku za baiskeli ili ipige kelele kama pikipiki. Mimi nilikuwa na baiskeli yenye kelele kuliko zote upande huu wa mto. Leo watu wazima wenye akili zao wanazinunua kadi hizohizo kwa bei ya gari.

Ninayoitaka mimi ni moja tu, ya mwaka 1953, ya Augie Belko. Augie alikuwa mtoto wa hapahapa Harlan Ferry. Alirusha mpira ligi kuu misimu miwili, bega likamkatalia, akarudi kiwandani. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika koleo nisiungue. Walimchapia kadi ya aina moja tu, na ni hiyo.

Wendell anayo. Amenionyesha mara nyingi. Ina kona iliyokunjika, na mgongoni ina doa la kahawia, refu kama kidole. Mwezi wa tisa mwaka huu, pale ukumbini, aliniambia, "Emil, chukua hii. Dola mia sita, na kwako nitapunguza."

Nikamwambia, "Ina doa."

"Doa la chingamu hilo. Chingamu ilikaa juu yake pakitini. Ndiyo cheti chake cha kuzaliwa."

"Doa ni doa, Wendell. Mimi nikitaka uchafu ninakwenda jalalani, na kule ni bure."

Watu walicheka, nami nilifurahi walivyocheka. Wendell akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki akasema, "Haya bwana mkubwa. Siku ikikujia hamu, nipo."

Binti yangu Rosalie alikuwa amenipa tableti ili nione picha za wajukuu. Alinionya, "Baba, usinunue kitu humo kabla hujanipigia." Nikamwambia mimi nilinunua nyumba yeye akiwa hajazaliwa. Nikatafuta jina la Augie kwa kidole kimoja, na mwisho wa mwezi wa kumi nikampata. Kadi nyeupe kama jino la mtoto, kona zote zinachoma. Ilikuwa imefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki, juu yake karatasi yenye namba 8, maana yake kuna wataalamu wameikagua wakaipa nane kwa kumi. Wataalamu gani, sikuuliza. Jina lao lilikuwa refu, nikaona linatosha. Baadaye Wendell ameniambia karatasi kama ile hata yeye anaweza kuichapa chumbani kwake.

Kulikuwa na picha ya mbele tu. Mgongo haukuonyeshwa, na sikuomba kuonyeshwa. Mtu ukishaupenda uso, unamwambia ageuke?

Ilikuwa ni mnada. Ulifungwa Alhamisi, tarehe 3 Novemba, saa moja jioni. Bei ilikuwa imesimama kwenye dola mia tisa na nilijua ni yangu. Kisha akatokea mtu mwenye jina la ajabuajabu la namba na herufi, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha. Nilikuwa jikoni peke yangu, nimesimama, ninaiambia tableti, "Njoo! Njoo tena kama wewe ni mwanamume!" Naye alikuja. Sikumwachia. Mnada ulipofungwa nilikuwa nimeshinda kwa dola elfu tatu na mia nne, na hizo zilikuwa za kuezeka paa. Nilishangilia. Majirani watakuwa wamenisikia. Wendell anasema yule niliyekuwa nashindana naye huenda alikuwa ndugu ya muuzaji, au muuzaji mwenyewe akiwa amevaa jina jingine.

Muuzaji akaniandikia papo hapo, kwa adabu sana. Alisema nikilipa kwa njia ya kawaida, wenye mtandao watakata sehemu yao. Nikimtumia moja kwa moja, nikaandika ni zawadi kwa rafiki, atanirudishia dola mia moja. Nikajiona mjanja kuliko wenye mtandao. Nimeelezwa sasa kwamba ukinunua kwa njia ya kawaida ukatapeliwa, wanakurudishia pesa. Zawadi hairudishwi. Dola mia moja sikuziona.

Kadi ilifika Jumatano wiki hii.

Leo asubuhi, saa mbili na nusu, nikaingia ukumbini nikaiweka juu ya meza ya Wendell, juu kabisa ya kadi zake. Nilisema kwa sauti, "Sasa wenye madoa wakae na madoa yao." Wote walisogea. Sitakuficha, Koplo, nilivimba. Kisha wakamgeukia Wendell, kwa sababu ndiye anayejua. Akaishika, akaigeuza, akaielekeza dirishani, akapitisha ukucha pembeni mwa kasha. Hakuharakisha. Halafu akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Kweli inang'aa, Emil." Basi. Baadaye wakati namimina kahawa akaja karibu akaniuliza polepole, "Saa nne utakuwa nyumbani?"

Nakuomba uandike hapo kwamba alikuwa ameshajua. Palikuwa na watu wasiopungua kumi na wawili pale, watu niliowatambia miaka yote, na nilikuwa nimetoka kumtukana mbele yao. Angeweza kunivua nguo hadharani na wangempigia makofi. Hakufanya.

Saa nne alikuja gereji kwangu. Mlango wa gereji niliuacha wazi nusu. Alikuwa na taa ndogo, na ile kadi yake yenye doa ilikuwa mfukoni mwa shati. Mazungumzo yetu nayakumbuka.

"Emil, ulilipaje?"

"Haikuhusu."

"Najua hainihusu. Ulilipaje?"

Nilipomwambia zawadi kwa rafiki, alikaa juu ya ndoo ya rangi. Akauliza, "Na huyo rafiki yako ana nyingine ya kukuuzia?"

"Anayo. Belko hiyohiyo, ila ina sahihi ya Augie mwenyewe. Elfu sita. Ananingoja mpaka saa sita mchana."

"Usimlipe."

"Huo ni wivu, Wendell. Miaka yote unauza makaratasi yenye madoa, leo mwenzako kapata safi, unaumwa tumbo."

Hakukasirika. Alizima balbu ya gereji, akawasha taa yake, mwanga wa zambarau kama ule wanaokagulia noti benki. Alisema karatasi za siku hizi hutiwa dawa ya weupe, na za 1953 hazikuwa nayo. Akamulika yake. Ilibaki nyeusi kama ganda la mkate. Akamulika yangu. Iliwaka bluu kama shati la kwenda kanisani.

Nikasema, "Inayowaka ni plastiki."

Akanionyesha pembeni mwa kasha, palikuwa na ukungu wa gundi, pamefunguliwa pakafungwa tena. Nikasema ndivyo yanavyotengenezwa. Akaniambia, "Wewe mzee, hata ukiona treni inakujia utaiambia ikupishe!"

"Na itapisha!"

"Basi sina la kukuambia. Ukweli uko humo ndani ya plastiki."

"Fungua!"

"Nikifungua, na mimi ndiye mwongo, nimekuharibia mali."

"Fungua nimekwambia! Ukiwa mwongo utanilipa!"

Hapo ndipo nataka Koplo aandike bila kuruka neno. Msumeno wa chuma ulikuwa ukutani kwangu, kwenye msumari wangu. Niliuchukua mimi kwa mkono huu wa kulia nikampa. Wendell akasema, "Sema tena, Emil, nikusikie vizuri." Nikasema, "Kata!" Akasema, "Mara ya mwisho." Nikamwambia, "Kata, au unaogopa?" Akavaa miwani yake akakata, taratibu, pembeni kabisa, asiiguse kadi.

Akanipa mkononi. Koplo, mimi kadi hizi nilizishika nikiwa mtoto wa miaka tisa. Niliipiga kwa kidole tu, kama tulivyokuwa tukizipiga kabla ya kuzibana kwenye baiskeli. Kadi ya kweli ni ubao, inasema tak. Hii ilisema fyu. Nikajua. Mpumbavu wa miaka tisa aliyekuwa na baiskeli angelijua jambo hili siku ileile ya kwanza, kama angeishika badala ya kuiangalia kwenye kioo.

Nilijua, na ndipo nikapiga kelele. Nilimwambia, "Umeniua! Umeniharibia mali yangu! Mwizi wewe!" Nilisema mwizi zaidi ya mara moja. Sauti yangu imezoea kushindana na tanuri. Bibi Noreen Slivka wa ng'ambo ya barabara alichungulia, akamwona Wendell na msumeno, akanisikia mimi, akawapigia polisi simu. Hakukosea. Hata mimi ningepiga.

Polisi wawili walifika haraka. Wendell alikuwa bado ameshika msumeno, wakamwambia auweke chini, akauweka. Wakampapasa. Mfukoni mwa shati wakakuta kadi ya Augie Belko.

Yule askari mrefu akaangalia kasha lililokatwa, akaangalia kadi ile, akaunganisha mambo kichwani mwake. Akaninyooshea. "Mzee, hii ndiyo kadi yako?"

Wendell hakujitetea. Alisema tu, "Muulizeni Emil." Akaniangalia.

Nami niliiangalia ile kadi. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiangalia. Ile niliyonunua ilimpaka Augie rangi kama mwanasesere. Hii ilikuwa na uso wake, ule wa kufinya jicho moja kama anakaribia kukutania. Niliitaka. Paa limekwenda, pesa zimekwenda, na hapa kuna mkono wa serikali unanipa kadi ya kweli, ninachotakiwa ni neno moja.

Sikusema ndiyo. Liandikwe. Lakini na hapana halikutoka. Nilisema, "Acheni kwanza nipumue." Wakaniacha nipumue, wakamwingiza Wendell kwenye gari, mtaa mzima ukiwa kwenye vibaraza.

Nilibaki gereji. Miwani yake ilikuwa juu ya meza yangu ya kazi. Bila miwani ile Wendell hasomi hata jina la mtaa, na nikawaza kwamba huko alikopelekwa watampa karatasi ya kusoma na ataitazama tu kama mimi ninavyozitazama. Hilo lilinikaa vibaya.

Saa sita kasorobo tableti ikalia. Ni yule muuzaji, anauliza pesa ya kadi yenye sahihi. Nilimwandikia, "Nionyeshe mgongo." Kazi hiyo ilinichukua muda. Akajibu, "Mzee unanunua au hununui, kuna mtu mwingine anangoja." Nikaandika, "Mgongo." Ukurasa wake ukatoweka, na jina lake, na picha zote. Tableti nimekuja nayo, nimemkabidhi Koplo. Elfu sita ziko benki kwangu, na ziko pale kwa sababu ya Wendell Oakes.

Nikaichukua miwani, nikafunga gereji, nikaja.

Hapa mezani Koplo amenionyesha kadi mbili ndani ya mifuko ya vielelezo. Ameniambia, na ameniambia kwa wema, kwamba kama Oakes alizibadilisha, basi hii yenye doa ni yangu, naweza kutia sahihi nikaenda nayo nyumbani leo. Nimeomba anisogezee. Nimeitazama mbele na nyuma.

Si yangu.

Andika kubwa. Kadi yenye doa ni mali ya Wendell Oakes. Aliniletea mara nyingi kwa bei halali nikaikataa kwa maneno machafu. Inayong'aa ndiyo yangu, niliinunua mwenyewe kwa ujuaji wangu. Msumeno ni wangu. Neno "kata" ni langu. Neno "mwizi" nalo ni langu, nalirudisha nyumbani kwangu. Wendell hakuchukua kitu, hakuvunja kitu ambacho sikumwambia avunje. Alikuja kunizuia nisiibiwe mara ya pili, akapelekwa yeye.

Koplo ameniuliza kama kuna mtu amenitisha au kunishawishi nije. Nimemwambia katika mji huu mtu huyo hajazaliwa. Ameniuliza kama ninataka kumfungulia mashtaka yule muuzaji. Ndiyo, nataka, akipatikana, na nisimame mbele yake. Ameniambia nisitegemee kurudishiwa pesa. Sitegemei. Paa litavuja upande wa jikoni msimu huu na nitaweka ndoo.

Watu watasikia haya ukumbini na watanicheka mpaka Pasaka. Wacheke. Miaka yote nimekuwa nikisema hakuna mtu aliyewahi kunisaidia, kila nilichonacho nilikichuma kwa mikono yangu. Nilikuwa najivunia hilo. Sasa sitalisema tena, kwa sababu si kweli, na sijui ni tangu lini si kweli. Ninamshukuru. Nimeshasema mwanzoni, lakini mwanzoni nilikuwa nasema ili nimshinde Koplo.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasema, na niliyoyanyamazia. Nimesomewa yote kwa sauti na ndivyo yalivyo.

Sahihi: EMIL VAVREK

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA: Shahidi amesomewa maelezo na kuyakubali, baada ya kuagiza sentensi mbili zirudishwe kama nilivyozisikia. Jalada dhidi ya Wendell Oakes limefungwa bila mashtaka. Ametoka saa kumi jioni, amekabidhiwa miwani yake na kadi yake. Aliomba kusoma maelezo ya shahidi, akaruhusiwa, akasoma hadi mwisho. Aliomba jambo moja tu liongezwe, kwamba msumeno ulikuwa butu. Bw. Vavrek amepinga. Nimeyaandika yote mawili.

Pale mapokezi Bw. Vavrek alivua kofia akaanza kusema kwamba Bw. Oakes si mwizi. Bw. Oakes alimkatiza, akasema, "Hapa hakuna aliyeniita mwizi, Emil. Niliitwa Mtaa wa Cinder." Kwa kuwa goti la Bw. Vavrek lilikuwa limevimba, niliwarudisha wote wawili kwa gari la kituo. Bw. Vavrek aliomba nisimame katikati ya mtaa, mbele ya nyumba ya Bi Slivka. Alishuka, akangoja mpaka watu wakatoka vibarazani, akalisema lile alilokatizwa. Nilimsikia neno kwa neno nikiwa ndani ya gari, vioo vyote vikiwa vimefungwa.

Koplo J. Ruffner